Ulinzi shirikishi wa mtaa wetu: shilingi 3,000 kwa mwezi, nyota tatu

Bei: shilingi 3,000 kwa kaya kila mwezi, 5,000 kwa duka, 10,000 kwa baa na gesti. Saa za kazi: saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mahali: mtaa mmoja wa Dar es Salaam, ukishapita Gongo la Mboto. Jina silitaji, maana bado nataka kuishi hapa kwa amani. Nyota tatu kati ya tano. Mwaka jana ningetoa mbili, na sababu ya kuongeza moja mtaiona huko mbele.

Nimezoea kusoma maoni ya watu kuhusu chipsi, saluni na simu. Mimi naandika kuhusu walinzi wa usiku kwa sababu hii ndiyo huduma ninayoilipia bila mtu kuniuliza kama naitaka. Chipsi zikiwa mbichi unahamia kibanda cha pili. Hawa ukiwagomea Jumapili hii, Jumapili ijayo wanagonga tena geti. Kwa hiyo kabla ya kujadili kama huduma inastahili bei yake, kuna la kuuliza kwanza: nani amekupa haki ya kunidai?

Swali hilo nalijua kwa upande wa pili wa meza. Mimi ni mstaafu. Nilikuwa karani wa mapato katika halmashauri moja ya Usukumani, na miongoni mwa nilivyokusanya ni kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mtu akija kwangu na daftari mkononi, naanza kulitazama daftari, sura yake baadaye.

Nianze na kazi yenyewe. Walinzi ni wanne, vijana wa hapa hapa, wawili wamepitia mafunzo ya mgambo. Wana filimbi, rungu, tochi na vizibao vya reflekta. Mkuu wao tunamwita Afande ingawa hakuwahi kuvaa kombati. Wanazunguka wawili wawili: wawili upande wa bonde, wawili upande wa barabara ya lami, na kila saa filimbi ya huku inajibiwa na ya kule. Ukisikia ya huku imelia na ya kule kimya, basi kule kuna mtu amesinzia. Hutokea sana kuanzia saa tisa usiku, na siwalaumu kupita kiasi, kwa sababu mchana wawili kati yao wanaendesha bodaboda.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. Mama anayeuza supu pale stendi anatoka kwake saa kumi alfajiri na sufuria na mkaa. Zamani alikuwa akimsubiri mume wake aamke amsindikize. Sasa walinzi wanampitia mlangoni na kumfikisha. Amewahi kutaka kuwapa supu ya bure wakakataa, wakanunua kwa bei ya watu wote. Sijui kama ni tabia njema au ni kumwogopa Afande, ila naihesabu.

Jambo la pili ni wizi wenyewe. Huduma hii ilifufuka hapa baada ya Septemba 2022, Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, walipoutikisa mji na mitaa mingi ikarudi kwenye ulinzi shirikishi. Wazo si jipya. Said Mwema, alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, alilihubiri tangu 2006 pamoja na polisi jamii, na kabla yake kulikuwa na sungusungu, ulinzi wa wanavijiji wenyewe. Tangu wafufuke, mitungi ya gesi na betri za magari haiyeyuki tena kama ilivyokuwa. Siku moja walimkamata kijana na mtungi na laptopu ndani ya shuka. Walimfunga mikono, wakamkalisha chini, wakamzuia kila aliyetoka nje na ufagio au jiwe asimguse, wakampeleka kituoni. Kikundi kilichowatangulia kilikuwa na mtindo mwingine, wa kipigo kwanza na maswali baadaye. Kama tungekuwa bado na wale, ningetoa nyota sifuri hata kama sindano isingepotea mtaani. Mtu niliyemkabidhi rungu kwa niaba yangu sitaki alitumie kwa hasira zake.

Sasa hela. Kaya zetu ni kama 200. Zinazolipa kwa uaminifu ni kama 130, ambazo ni shilingi 390,000. Maduka yanaleta 60,000, baa na gesti 20,000. Jumla 470,000. Walinzi wanalipwa 100,000 kila mmoja, yaani 400,000. Zinazobaki 70,000 ni betri za tochi, chai, na usafiri wa kumpeleka mtuhumiwa kituoni, kwa sababu mwizi hapandishwi daladala. Hesabu hii haina siri wala ufundi, lakini ilichukua muda mrefu sana mpaka ikasomwa mbele ya wakazi, na hapo ndipo nyota zangu zilipokuwa zinapotelea.

Mwanzo ilikuwa hiari. Mwenyekiti alisimama akasema kila mwenye moyo achange. Mwezi wa kwanza moyo ulikuwepo, habari za Panya Road zilikuwa bado za moto. Mwezi wa tatu walinzi walibaki wawili, kisha mmoja, naye akawa anakaa kwenye kibaraza cha duka akisikiliza mpira kwenye simu. Waliochanga waliona wasiochanga wanalindwa sawa nao, wakaona wao ndio wajinga. Hakuna aliyeacha kulipa kwa sababu hakutaka ulinzi. Kila mtu aliutaka, kila mtu alimsubiri mwenzake aulipie. Ndipo mkutano wa wakazi, uliofanyika uwanja wa shule ya msingi, ukapitisha kwamba ni lazima. Nilikuwepo, nilinyoosha mkono. Wako walionyoosha mikono kukataa, na wako wengi zaidi ambao hawakuhudhuria kabisa.

Mmoja wa ambao hawakuhudhuria ni mpangaji wangu, kijana anayetengeneza programu za simu, mwenye kusoma sana na kulala kidogo. Alipofuatwa alipe akasema hana deni. Mkusanyaji akaja kwangu, mimi ndiye mwenye nyumba, nikazungumze naye.

"Shikamoo mzee. Najua wamekutuma," akaniwahi.

"Marahaba. Hawajanituma. Nimekuja kukusikiliza."

"Mimi sikusaini popote, mzee wangu. Sikuwaomba wanilinde. Mpiga debe pale stendi anaita abiria kwenye basi nililokwisha kulipanda, halafu anamgeukia konda anadai hela. Hawa wana tofauti gani naye? Na serikali yenyewe ina tofauti gani? Inakulinda usipoiomba, inakukata usipojua, ukikataa inakuja na pingu."

Ni hoja nzuri, na sikutaka kuijibu kwa umri wangu. Watu wa kijiwe cha kahawa waliposikia walimjibu haraka: kama hutaki, hama. Jibu hilo nalikataa. Kijana huyu alinilipa kodi ya miezi sita mbele. Ana kitanda, meza, kompyuta mbili na kazi anayoifuata kila asubuhi. Kumwambia kwamba kukaa kwake hapa ni kukubali kila kitakachoamuliwa ni kumsingizia ridhaa. Hata akihama, mtaa anaohamia una mchango wake, wilaya ina yake, na akivuka mpaka anakutana na nchi nyingine yenye kodi zake. Hakuna mtaa wa wasiolipa anakoweza kwenda. Mimi mwenyewe sikusaini kuzaliwa Mtanzania.

Jibu la pili la kijiwe lilikuwa kwamba analindwa, basi alipe. Hilo nalo halifiki. Mtaani kwetu kuna bwana mwenye ukuta mrefu wenye nyaya za umeme, mbwa wawili na mlinzi wa kampuni mchana na usiku. Yeye alisema kwa upole kabisa kwamba amekwisha kujinunulia ulinzi, kwa nini anunue wa pili? Unaweza kumwambia kwamba barabara anayopita na gari saa sita usiku haina ukuta, na hiyo ni kweli. Lakini faida peke yake haizai haki ya kudai. Babu yangu alitozwa kodi ya nyumba ya Wajerumani, ile waliyoitangaza mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwasukuma watu wakatafute vibarua vya fedha kwenye mashamba ya walowezi. Wajerumani hao hao walijenga reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ile imetufaa vizazi vingi. Sijawahi kumsikia mzee yeyote wa kwetu akisema kwamba kwa sababu ya reli, rupia zile zilikuwa halali. Hawakuulizwa, hawakuweza kumwondoa aliyewatoza, na hakuna siku waliyosomewa zilikokwenda.

Nilimwambia kijana hivi: mpiga debe huwezi kumwitisha kikao. Huwezi kumwambia kesho alete daftari tuone. Huwezi kukaa na abiria wenzako mkapiga kura kwamba kuanzia mwezi ujao atadai nusu, au asidai kabisa, au aondoke awekwe mwingine. Mlinzi wa mtaa unaweza, kama tutahakikisha kweli unaweza. Akacheka akasema, "Sawa mzee, daftari liko wapi?"

Hapo alinipata. Kwa sababu daftari, kwa wakati ule, lilikuwa ni lile la shule la kurasa 96, limeandikwa majina kwa kalamu ya risasi. Kalamu ya risasi! Karani yeyote aliyewahi kukaguliwa atakwambia nini hufuatia. Mkusanyaji alikuwa anaandika jina, anapokea noti, anaondoka. Hakuna risiti, hakuna muhuri. Niligoma kulipa mpaka nipewe kitabu chenye namba zinazofuatana na nakala ya kaboni inayobaki ofisini. Waliniona mkorofi. Mke wangu alisema nawaaibisha vijana kwa shilingi 3,000. Lakini risiti siyo mapambo. Bila nakala, aliyelipa na asiyelipa wanakuwa sawa, na mkusanyaji ndiye anayeamua nani ni nani. Siku anakukasirikia, hukulipa.

Kodi ya maendeleo ilikufa kwa ugonjwa huo, pamoja na mwingine. Ilikuwa kiwango kimoja kwa karibu kila mtu mzima, mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku. Watu walisimamishwa mnadani, kwenye vivuko na vizuizi vya barabarani: risiti yako iko wapi? Vijana wakilisikia gari la halmashauri wanaingia porini. Baiskeli nayo ilikuwa na kodi yake. Halafu mtu aliyelipa anarudi kijijini anakuta zahanati haina dawa, kisima kimeharibika pale pale kilipoharibikia. Watu waliokimbia porini wale wale walikuwa wakichanga mahindi na fedha kwa ajili ya sungusungu bila kusukumwa na gari lolote. Niliyaona yote mawili kwa macho yangu, kwa hiyo nadharia ya kwamba Mwafrika hapendi kulipa kodi naiona ni uvivu wa kufikiri. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Mei Mosi 1995 kule Mbeya, alieleza kwamba serikali iliyooza kwa rushwa haiwezi kukusanya kodi, itabaki kuwakimbiza wadogo wadogo. Sisi makarani tulisikiliza hotuba ile redioni tukiwa tumekaa juu ya vitabu vya risiti.

Lakini sungusungu nao nisiwapake asali. Mimi ni mtu wa Kahama, na walipoanza huko kwetu na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi, wanaoiba walikuwa na bunduki, na polisi walikuwa mbali au walikuwa na lao. Wanavijiji wakajipanga wenyewe: ntemi wao, katibu wao, pinde, mishale, filimbi. Yowe likipigwa kila mwanamume mwenye nguvu anatoka. Usipotoka unatozwa faini, ukikaidi unatengwa: hupewi moto na jirani, msiba wako hauhudhuriwi. Polisi na mahakama hawakuwapenda, viongozi wa chama waliwatetea, Mwalimu akiwamo, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua. Kwa ng'ombe walifanya kazi kubwa.

Kundi hilo hilo, lenye ridhaa ya kijiji kizima, liliwageukia pia waliotuhumiwa uchawi. Na uchawi kwetu miaka ile ulikuwa na sura ya bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyo mekundu kwa sababu maisha yake yote amepika kwa moshi wa samadi. Bibi akifukuzwa kijijini usingemkuta mtu wa kumtetea mkutanoni. Mikono yote ilikuwa juu. Ndiyo maana anayeniambia kwamba mamlaka ni halali kwa sababu wananchi wengi wameyakubali, namsikiliza nusu. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, nami naiamini. Lakini Katiba hiyo hiyo imeweka ibara nyingine za kumlinda yule bibi dhidi ya wananchi hao hao. Wengi wana haki ya kunitoza shilingi 3,000. Hawana haki ya kunitenga, wala kunichapa, wala kuniuliza macho yangu yana rangi gani.

Basi turudi kwenye mtaa wangu na nyota iliyopotea kabisa, ambayo haijarudi mpaka leo. Wakati fulani ofisi yetu ya serikali ya mtaa ilianza utaratibu kwamba huwezi kupata barua ya utambulisho mpaka uonyeshe risiti za ulinzi. Barua hiyo kwa mtu wa Dar si anasa. Unaihitaji kufungua akaunti benki, kushughulikia kitambulisho cha taifa, kumdhamini ndugu yako. Nilimkuta mama mmoja mlangoni mwa ofisi, mtoto wake yuko mahabusu, anahitaji barua ili mdhamini akubaliwe. Akaambiwa anadaiwa miezi minne, akalete 12,000 kwanza. Alikuwa na 4,000. Wengine waliokuwa kwenye foleni walimchangia, mimi nikiwamo, akapewa barua yake na risiti nne.

Utaratibu ule ulifanikiwa sana kwa makusanyo. Siku hizi kila mkusanyaji anapenda kukata mahali ambapo huwezi kukwepa. Lakini barua ya utambulisho ni haki ya mkazi, na deni la ulinzi ni jambo lingine. Anayedaiwa adaiwe. Afuatwe, aitwe kwenye baraza la kata, alipe kidogo kidogo. Ukimshika mtu kwenye shida yake kubwa ili alipe deni dogo, hapo mpangaji wangu anashinda mjadala, na nilimwambia hivyo. Utaratibu umelegezwa, hausemwi tena waziwazi, ila haujafutwa kwa muhtasari wa kikao chochote. Nyota hiyo itakaa huko huko nje.

Nyota niliyoirudisha ni ya mkutano. Palikuwa na maneno kwamba baa mbili zinazotakiwa kulipa 10,000 hazilipi, na moja ni ya mtu wa karibu na ofisi. Kulikuwa na maneno pia kuhusu nyumba za viongozi wenyewe. Ukitaka kuona hasira ya kweli ya walipaji usitazame kiwango, tazama nani hayumo kwenye orodha. Tuliomba mkutano, ukaahirishwa, tukaomba tena kwa barua yenye sahihi. Ulipofanyika, mtunza fedha alisoma mapato na matumizi kwa jumla tu, "tumekusanya, tumetumia, tumebakiwa na kidogo". Mama wa supu ndiye aliyesimama. Akasema yeye akiuza sufuria moja anajua bakuli ngapi zimetoka, je mtunza fedha anajua nyumba ngapi? Uwanja ulilipuka. Orodha ikasomwa jina kwa jina, baa ikatajwa, nyumba za viongozi zikatajwa, na mtunza fedha akabadilishwa papo hapo kwa kura ya mikono. Tangu siku hiyo kitabu kina namba, na wajane watatu pamoja na mzee mmoja asiyeona wamesamehewa kwa maandishi, sio kwa huruma ya mkusanyaji. Kwenye orodha ya waliolipa mwezi uliofuata niliona jina la mpangaji wangu. Sikumuuliza. Yule bwana wa ukuta naye analipa, kwa mwaka mzima kwa mkupuo, anasema hataki kugongewa.

Mtu anaweza kusema nalinganisha vitu viwili visivyolingana, mchango wa mtaa na kodi ya Taifa. Ukubwa haulingani, kweli. Kodi ya Taifa ina msingi ulio wazi zaidi kuliko wa kwetu: ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, na ibara ya 143 imemweka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali azikague hesabu na kutoa ripoti kila mwaka. Mchango wetu una muhtasari wa mkutano tu, na sheria ndogo ya halmashauri inayouhusu sijaiona ikibandikwa ubaoni. Kwa karatasi, Taifa limetushinda mbali.

Kwa namna ya kulipa, sina hakika. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Hakuna anayegonga, hakuna daftari, hakuna foleni. Kama karani mstaafu nakiri kwamba ni ukusanyaji wa ajabu kwa urahisi, sisi tulihangaika na pikipiki kwa kiasi hicho hicho. Lakini anayenunua umeme kwenye nyumba nyingi za hapa ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba. Mimi nawarudishia wapangaji wangu kwenye hesabu ya pango. Wenye nyumba wangapi wanafanya hivyo? Na tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai mwaka huo huo, mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa kabisa, watu walipiga kelele kwa sababu waliiona kila walipotuma hela kwa mama kijijini. Zikapunguzwa, zikapunguzwa tena, na ile ya kutuma fedha ikaondolewa mwaka 2023. Kelele zile ndizo mkutano wetu wa uwanja wa shule, kwa ukubwa wa nchi. Kodi isiyosikika ikikatwa ni rahisi kukusanya na ni ngumu kuulizia, na mimi napendelea inayogonga mlango, inipe nafasi ya kufungua nikiwa na maswali.

Kwa anayehamia mtaa wetu: utaombwa mwezi wa kwanza hata kama umeingia tarehe 20, hilo mnaweza kuzungumza na Afande, ni muelewa. Usilipe barabarani wala kwa simu kwenye namba binafsi ya mtu. Lipa ofisini Jumamosi asubuhi, au kwa mkusanyaji Jumapili baada ya ibada ya kwanza, na hakikisha namba ya risiti yako inafuata ile ya jirani aliyelipa kabla yako. Ukisikia filimbi upande wa bonde haijibiwi baada ya saa tisa, piga simu, namba iko mlangoni pa ofisi. Hesabu za robo mwaka zinatakiwa zibandikwe ubaoni mwezi ujao. Zikibandikwa, nitarudi hapa niandike nyota ni ngapi. Utaratibu wa barua ukifutwa kwa maandishi, nitaandika na hilo. Nendeni na chenji, mtunza fedha mpya hana.